Kwa wenye watoto wadogo mnaopanga hoteli ya ufukweni Zanzibar: someni kabla hamjalipia

BabaWatatu_Dodoma

Wakuu, salaam kwenu.

Tumerudi Dodoma juzi kutoka Unguja. Tulikwenda watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na dada anayetusaidia nyumbani. Mkubwa ni binti wa miaka 7, wa kati ni mvulana wa miaka 4, wa mwisho ana miezi 14. Tulilala siku tano kwenye hoteli ya ufukweni upande wa Jambiani. Jina la hoteli naliacha. Sikuja kumharibia mtu biashara, na jambo lililonileta hapa lilikuwa mikononi mwangu mwenyewe.

Kabla ya safari nilitafuta sana maelezo ya mzazi aliyekwenda na watoto wa umri huu. Nilichopata ni bei na picha. Kwa hiyo naandika kirefu, mnivumilie.

Nianze na njia. Dodoma hadi Dar tulipanda SGR, na kwa mwenye watoto treni hii ni neema. Tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa inatumalizia siku nzima kwenye basi imekuwa ya saa nne hivi. Mtoto anatembea, choo kipo, nepi unabadilisha bila kumwomba dereva asimame. Shida ilianza baharini. Tulikata boti ya mchana kwa sababu ndiyo iliyooana na treni. Juni ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na siku ile ulikuwa umekaza hasa. Wa kati alitapika mara tatu, binti mara mbili, mama yao akawa hajiwezi. Safari nyingine tutalala Dar na kuvuka asubuhi. Kama ni lazima mvuke mchana, kaeni sitaha ya chini, katikati au nyuma kidogo, mbali na mbele. Watoto wale kitu chepesi mapema, na vifuko vya kutapikia ombeni kwa wahudumu kabla boti haijaachia gati. Chukueni vitambulisho na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Sisi vilitusaidia kwenye nauli.

Hotelini tuliomba chumba cha chini, na hilo nalipendekeza kwa kila mwenye mtoto anayeanza kutembea. Jikoni waliposikia tuna wa miezi 14 wakawa wanampikia uji wa mchele wa nazi kila asubuhi, wanaacha pilipili manga kwa ajili yake. Yule mpishi Mungu ambariki.

Asubuhi ya kwanza binti alifungua mlango, akasimama, akaniuliza, "Baba, bahari imeenda wapi?" Kweli haikuwepo. Mchanga, majani, madimbwi, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Mimi mtu wa bara nilidhani kuna tatizo. Mhudumu akanieleza ni bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida, na kwamba yatarudi alasiri. Tukatembea na watoto kwenye ule mchanga, wakaona viti vya pweza, jongoo bahari, kaa wadogo wanaokimbilia mashimoni. Tukakuta akina mama kwenye mashamba yao ya mwani, maji yakiwa magotini. Mmoja akamwonyesha binti jinsi mche unavyofungwa kwenye kamba. Binti alikaa pale karibu saa nzima akifunga. Hiyo ndiyo sehemu ya safari anayoisimulia kwa bibi yake hadi leo, na haikutugharimu kitu.

Sasa niseme nililokuja kulisema.

Siku ya tatu maji yalikuwa bado yako mbali baada ya chakula cha mchana, hivyo familia zote zilikuwa bwawani. Bwawa halina uzio. Upande wa watoto unaungana na wa watu wazima, sakafu inateremka tu, na kibao kinasema hakuna mwokoaji. Mke wangu alikwenda chumbani kumlaza mdogo. Nikamwambia, "Nenda, tupo." Zingatieni hilo neno, tupo. Mimi nilikuwa kwenye kiti, kama hatua sita kutoka majini. Simu ya kazini ikaingia, nikapokea, nikayapa maji mgongo ili upepo usinizuie kusikia. Dada alikuwa ukingoni. Binti akamwomba taulo, akaenda kuichukua, kwa kuwa anajua baba yupo. Na mimi najua dada yupo.

Wa kati alikuwa amevuliwa maboya ya mikononi ili ale. Siku mbili yale maboya yalikuwa yamembeba, na yeye akaamini ni yeye anayeelea. Akaingia.

Sikusikia kitu. Hakulia, hakupiga maji, hakuita. Walikuwepo watu wazima wengine kama wanane kulizunguka bwawa, hakuna aliyesikia. Binti yangu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza swali: "Baba, mdogo wangu anapanda ngazi kwenye maji."

Nikageuka. Alikuwa wima, uso umeelekea juu, mdomo unatokeza na kuzama, mikono inasukuma maji kwenda chini kama mtu anayepanda ngazi ambayo haipo. Niliruka na simu mkononi.

Alikohoa, akatapika maji, akalia. Tukampeleka kituo cha afya, wakamsikiliza kifua, wakatuambia tuangalie anavyopumua hadi kesho yake, na kwamba akibadilika tumrudishe mara moja. Yuko mzima. Leo ameshinda nje akicheza mpira.

Tangu jioni ile tukaweka zamu ya nusu saa nusu saa. Mwenye zamu anavaa kofia nyekundu ya binti. Akiwa na kofia hashiki simu, hasomi, hafuati taulo, haongei na mtu akiwa ameyapa maji mgongo. Akitaka kuondoka anamvisha mwenzake kofia na kumwambia kwa jina, na yule anajibu "nimepokea." Kama hakuna wa kupokea, watoto wote wanatoka majini, hata wakilia. Siku mbili zilizobaki zilikuwa tamu kuliko tatu za kwanza, kwa sababu asiye na kofia alipumzika kweli. Mke wangu alilala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu mdogo azaliwe.

Ombi langu kwenu: mkishafika, kabla ya kufungua mabegi, kaeni mkubaliane nani anaangalia maji na anampokeza nani. Na wenye uzoefu ongezeni hapa, hasa watu wa pwani.

Bint_Makunduchi

Pole sana kaka, na alhamdulillahi kijana wetu kasalimika. Mpe pole na mama watoto, najua usiku ule hakulala.

Mie ni wa huku huku kusini Unguja, baba yangu mvuvi, nami nimelima mwani. Nikuongezee kuhusu maji, maana wageni wengi hulipia hoteli bila kuuliza mwezi uko wapi.

Mwezi unapoandama na unapotimia ndiyo bamvua. Siku hizo maji huku hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na kwa kuwa huku mashariki pwani ni tambarare hadi mwambani, ndiyo unaona bahari imekwenda zake. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Ndiyo maana siku yako ya tatu mchana mlikuwa hamna maji. Ukihesabu wiki moja baada ya bamvua unaingia maji mafu. Hapo hujaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa alasiri, na hayaendi mbali. Kwa mwenye watoto wadogo ningemwambia achague maji mafu. Mtoto anaamka, anakunywa uji, bahari iko mlangoni na imetulia, na ikifika saa tano jua kali mnaingia ndani.

Nungwi na Kendwa watu husifu kwamba unaoga saa yoyote, na ni kweli, kule pwani inateremka upesi. Lakini hiyo hiyo kuteremka upesi kwa mtoto wa miaka 4 ni jambo la kulifikiria. Hatua tatu tu maji yako kifuani pake. Kila upande una yake. Halafu Juni kusi inapiga huku mashariki, mwani wa porini unajaa ufukoni na upepo hausiti. Desemba hadi Februari ni kaskazi, huku kwetu kunakuwa shwari zaidi.

Jambo moja nawausia kwa dhati. Mkitembea maji yakiwa yamekupwa, rudini kabla hayajaanza kujaa. Maji yakirudi hayaji mbele yako kama mnavyodhani. Yanapita kwenye vibonde nyuma yako, unageuka unakuta mkondo umekata njia. Mtu mzima atavuka, mtoto wa mkononi vipi? Muulizeni mtu wa kijijini saa ya kugeuka, atakwambia. Na watoto wavae viatu vya majini au hata ndara zilizofungwa kisigino, maana kuna wale wadudu wa miiba myeusi mirefu, mwiba wake ukikatika unyayoni ni homa.

Viti vya pweza waangalieni ndani ya maji tu, msiwatoe kupiga nao picha. Wakikaa juani wanakufa. Na kwenye mashamba ya mwani piteni pembeni, kwanza salimieni. Mwani ulianza kulimwa huku kibiashara mwaka 1989, na ni jasho la akina mama. Kamba ikikanyagwa mche unakatika. Binti yako aliyefunga kamba saa nzima, mwambie shangazi yake wa Makunduchi anamsalimia.

Tabata_Mwisho

Pole mkuu. Ila tuseme ukweli, hapo tatizo ni huyo dada. Umempeleka Zanzibar kwa gharama yako, kazi yake ni moja, kuangalia watoto. Anaachaje mtoto majini anafuata taulo? Mimi ningemrudisha kwao siku hiyo hiyo.

BabaWatatu_Dodoma

Ndugu yangu Tabata, nakuelewa, maana dakika ile ya kwanza hata mimi nilimgeukia yeye kwa hasira. Nilimfokea mbele ya watu. Nimemwomba radhi baadaye, na hapa naomba tusimbebeshe.

Huyu binti ana miaka 20, kwao ni Kondoa. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza siku ile tuliyovuka. Hajui kuogelea. Katika maandalizi yote niliyofanya, tiketi, hoteli, dawa za malaria, mafuta ya jua, sikuwahi kumuuliza kama anajua kuogelea. Tuseme angebaki ukingoni na mtoto akazama mbele ya macho yake, angefanya nini? Angeruka, na ningewatoa wawili.

Na taulo hakuamua kuifuata. Aliambiwa na mtoto wangu, na nyumbani kwetu amezoea mtoto akiagiza anatekeleza. Hilo tumelibadilisha pia.

NiliwahiKuwaDada

Kaka, umenitoa machozi. Naomba niseme kitu maana najua hapa wengi ni waajiri.

Nilifanya kazi za ndani miaka sita, Dar. Familia moja ilinichukua Bagamoyo wikiendi, nyingine ilinipeleka Kigamboni mara nyingi. Mnajua tunavyokaa? Tunakaa na nguo zetu za kazini ukingoni, jua linatuchoma. Bosi mume anasema "angalia watoto," bosi mke anasema "niletee pochi," mtoto anasema "nataka soda." Yote matatu kwa wakati mmoja, na hatuwezi kusema hapana kwa yeyote. Mtoto akiumia, sote tunajua ataulizwa nani.

Niliogopa maji kuliko kitu chochote. Usiku nilikuwa naota mtoto anazama. Sikuwahi kumwambia mama mwenye nyumba, kwa sababu niliona nikisema siwezi, safari ijayo nitaachwa au nitatafutiwa mbadala.

Nawaomba mkisafiri na dada, mwambieni kwa maneno wazi: saa hizi huangalii maji, pumzika. Na saa hizi unaangalia maji, kwa hiyo hakuna atakayekutuma kitu. Mpeni nguo ya kuingilia majini kama ninyi. Mpeni jioni moja atembee ufukweni peke yake bila mtoto mgongoni. Mwalikeni mezani. Mtu aliyepumzika anaona zaidi kuliko mtu aliyechoka.

Hiyo kofia nimeipenda kwa sababu hata dada akiivaa, bosi hawezi kumtuma.

Muuguzi_Temeke

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto. Nitasema machache ya kitaalamu kwa lugha ya nyumbani.

Tumelelewa na methali kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na hapo ndipo wazazi wengi wanaponaswa, kwa sababu wanasubiri waone kutapatapa. Mtoto mdogo hatapatapi. Mdomo wake uko kwenye usawa wa maji, akiutoa anavuta pumzi, hana nafasi ya kupiga kelele. Mikono inasukuma chini yenyewe bila yeye kuamua, ndiyo ile "ngazi" binti yako aliyoiona. Ukiona mtoto yuko wima majini, kichwa kimelala nyuma, kimya, haendi mbele wala nyuma, usimuite kwanza. Mfuate. Mtoto anayecheza majini ana kelele. Akinyamaza, inuka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto walio chini ya miaka 5. Wengi si baharini. Ni mtoni, bwawani, kisimani, hata kwenye ndoo na pipa la maji pale nyumbani. Kwa hiyo wale wanaosema "sisi hatuendi Zanzibar" mada hii inawahusu pia.

Ukimtoa mtoto majini na hapumui, tafadhali msimning'inize miguu juu, msimkamue tumbo. Nimeona hayo yakifanyika na yanapoteza muda wa uhai. Mlaze chali mahali pagumu, mtu mmoja apige kelele za msaada na kutafuta gari. Inua kidevu, anza kumpulizia pumzi. Aliyekufa maji amekosa hewa, kwa hiyo pumzi ndiyo dawa ya kwanza. Kisha bonyeza kifua katikati mara 30, pumzi 2, endelea hivyo hivyo hadi apumue au msaada ufike. Msalaba Mwekundu wanafundisha mambo haya, ni mafunzo ya muda mfupi. Mzazi mmoja katika kila nyumba angeyapata ningelala vizuri.

Na hata akizinduka na kucheka, mpelekeni akasikilizwe kifua kama alivyofanya baba huyu. Katika saa zinazofuata, akikohoa mfululizo, akipumua harakaharaka, akiwa mlegevu kupita kawaida, rudini bila kusubiri asubuhi.

Jingine dogo: rangi ya nguo. Mtoto aliyevaa bluu haonekani chini ya maji ya bwawa. Mvalisheni rangi ya chungwa inayowaka au nyekundu.

Hesabu_Kwanza

Wakuu nisieleweke vibaya, nimeguswa. Lakini swali la kweli: kulikuwa na haja gani? Mtoto wa miezi 14 hatakumbuka chochote. Wa miaka 4 atakumbuka kidogo sana. Treni, boti, gari, hoteli siku tano, watu sita. Pesa hiyo ni tofali ngapi? Mimi watoto wangu nasubiri wafike miaka kumi.

MamaPacha_Kigamboni

Hesabu_Kwanza, swali lako ni halali na mume wangu aliniuliza hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba mimi nitakumbuka. Nilikuwa nimetoka kujifungua pacha, miezi minane sijakaa chini nikala chakula cha moto. Siku mbili ambazo sikupika, sikuosha chombo, zilinirudisha duniani. Watoto walipata mama yao upya, hata kama hawatakumbuka mchanga.

Lakini pia si lazima iwe Zanzibar siku tano. Sisi wa Dar tuna Kigamboni hapa, unavuka daraja asubuhi, unalipia siku moja, jioni uko nyumbani. Bagamoyo vilevile. Wa bara akiweza kwenda mbali zaidi aulize bei ya Watanzania au wakazi. Hoteli nyingi Zanzibar zina bei mbili, na wasipokutajia uliza. Ulizeni pia watoto wa umri gani wanalala bure na wazazi, kitanda cha mtoto kipo au mje na chandarua chenu, na kama chakula cha mchana kimo. Mchana ndipo pesa inapovuja, maana huko ufukweni hotelini ndiko uliko na jua limewaka. Na Aprili na Mei bei inashuka, lakini ni masika. Hoteli nyingine zinafunga kabisa, na nyie mnaobaki mnaweza kushinda chumbani na watoto watatu mvua ikinyesha.

MamaKe_Ukunda

Poleni sana kutoka Pwani ya Kenya. Mimi naishi karibu na Diani na naona familia nyingi sana za Nairobi zikija wakati shule zimefungwa. Wanapanda treni ya Madaraka Express hadi Miritini, Mombasa, halafu zamani ilikuwa lazima wapange foleni ya feri ya Likoni na watoto wamechoka. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unakuja moja kwa moja bila kuvuka feri. Hiyo imetusaidia sana.

Kwetu pia maji hutoka na kurudi, ingawa mchanga wa Diani ni mpana na mwamba unazuia mawimbi makubwa, kwa hiyo watoto huchezea maji yaliyotulia. Hatari ninayoiona kila siku ni mbili. Kwanza ni jua. Watu hudhani ngozi yetu haiungui. Inaungua, na mtoto hukaukiwa na maji haraka mno kwa sababu upepo wa bahari humfanya asihisi joto. Mpatie madafu, maji, kivuli kuanzia saa tano hadi saa tisa, na fulana ndani ya maji. Pili ni kima. Huingia hadi mezani kupokonya mkate mkononi mwa mtoto, na mtoto akivuta anaweza kukwaruzwa au kuumwa. Mwambie mtoto aachilie tu. Usiwalishe hata kama wanapendeza, maana ukimlisha leo, kesho atampokonya mtoto wa mwingine.

Hiyo kofia nitaipeleka kwa mama wa hoteli ninayofanya kazi, ili iwekwe pale bwawani. Tukinunua chache za rangi moja, mgeni anachukua akiingia na watoto, anarudisha akitoka. Sidhani meneja atakataa kitu cha bei hiyo.

Tabata_Mwisho

Mkuu BabaWatatu, nimesoma ya NiliwahiKuwaDada nikakaa kimya muda mrefu. Nafuta niliyosema. Tuna dada nyumbani, mwezi wa kumi na mbili tunakwenda Kendwa, na mimi pia sikuwahi kumuuliza. Nimemuuliza jioni hii. Hajui. Amesema alikuwa anaogopa kuniambia.

Bint_Makunduchi, dada yangu, tunafikiria kwenda wiki ya mwisho ya Desemba. Nitajuaje kama ni bamvua?

Bint_Makunduchi

Tabata, kaka, umefanya uungwana kurudi kusema.

Tazama kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe mosi hadi nne za mwezi, na kumi na tano hadi kumi na nane, ni bamvua. Tarehe nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na nne, ni maji mafu. Siku za katikati ni katikati. Kendwa haitawasumbua sana kwa kupwa, ila angalieni saa za kujaa, maana maji yakijaa pale ufuko unakuwa mwembamba na watoto wanajikuta karibu na kina. Mkifika muulizeni mlinzi wa hoteli wa usiku. Wengi ni watu wa pale pale, wanaijua bahari kuliko karatasi iliyobandikwa mapokezi.

BabaWatatu_Dodoma

Ahsanteni wote, nimesoma kila neno na mke wangu amesoma pia. Muuguzi, nguo ya kuogelea ya kijana ilikuwa ya bluu. Sikuwahi kulifikiria hilo kabla hujaandika.

Kuna mtu amenitumia ujumbe pembeni akiuliza kama wa kati sasa anaogopa maji. Siku ya nne hakutaka hata kukaribia. Hatukumlazimisha. Alasiri maji yalipojaa binti alikaa kwenye mchanga, mawimbi madogo yakiwa yanamfika miguuni, akamwita mdogo wake waje wachimbe shimo. Akaja hadi pale maji yanapoishia. Siku ya tano alikaa na miguu ndani, mimi nimemshika, mama yake amevaa kofia.

Hapa Dodoma nimepata hoteli moja yenye bwawa na mwalimu wa kuogelea Jumamosi asubuhi. Nimeandikisha wanne: binti, wa kati, dada na mimi mwenyewe, kwa sababu siku ile niliruka lakini kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha. Mwalimu amesema somo la kwanza ni kulala chali juu ya maji na kutulia. Dada ameuliza mara mbili kama kweli naye anaingia majini au anakuja kushika nguo. Nimemwambia nguo zitashikwa na mama.

Kwa aliyeuliza kuhusu boti: ya asubuhi, sitaha ya chini, na mchukue tangawizi ya kutafuna.